Buti la Gari la Abdulhamidi

Kwanza walisema ni upepo. Ukiwa Singida, ukishasema upepo umemaliza maneno, maana huu ni upepo unaong'oa mabati na kuzipeleka nguo za watu ua wa jirani. Lakini Saada aliliona buti lile kwa macho yake, dirishani, alasiri tulivu ambayo hata majani ya mpapai hayakutikisika. Lilitoa mlio mdogo, kap, likainuka polepole, likabaki wazi.

Gari lilikuwa la mumewe, Abdulhamidi. Alikuwa akienda nalo Misigiri kuchukua mafuta ya alizeti, madumu yamejaa buti mpaka gari linainama nyuma, na Saada akiyauza kibarazani. Mumewe alikuwa na tabia moja ya kuudhi: akirudi safari, hasalimii mtu kabla hajafungua buti. Saada akisikia kap, anaacha alichoshika na kutoka kupokea madumu, huku akimtania kwamba siku moja atayasalimia mafuta na kumsahau mke. Asubuhi moja Abdulhamidi alilalamika kifua, na jioni wakamrudisha nyumbani amefunikwa shuka. Tangu hapo gari limesimama uani, na Saada yuko ndani anakaa eda.

Na mjane wa eda ana kazi gani zaidi ya kusikiliza? Kila buti lilipofunguka, miguu yake ilinyanyuka yenyewe kwenda kupokea. Alifika mlangoni ndipo akakumbuka. Alilifunga kwa mikono miwili, harufu ya alizeti ikimpanda puani, na mgongo ukimsisimka kana kwamba mtu amesimama nyuma yake akisubiri kupewa pole ya safari. Siku nyingine alishindwa kujizuia, akauliza kwa sauti, "Abdu, unataka nini?" Alitia mle viatu vya mumewe, labda ndivyo anavyovitaka. Buti likafunguka tena, viatu vimo.

Wanawake wa mtaa, ambao hawajawahi kukosa jibu la jambo lolote, walisema marehemu ana neno hakulimaliza. Ustadhi akaitwa, akasoma, akapuliza pande zote za gari. Kesho yake, kap.

Saada aliogopa, na hakuona haya kuogopa. Alimpigia kaka yake Sultani, kule Kilimatinde, akamwambia eda ikiisha aje amchukue. Sultani akasema chumba kipo.

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Kuondoka kwake kulimaanisha kumwacha Bi Swaumu, mama mkwe wake, peke yake katika nyumba ile, maana Abdulhamidi ndiye mtoto pekee aliyekuwa amebaki. Saada alilijua hilo na lilimuuma. Lakini alikuwa na kinyongo pia. Siku ya msiba, watu walipoangua kilio, bibi yule hakutoa hata chozi. Kila aliyempa pole alimjibu, "Tumuombee tu," akaendelea kuchagua mchele. Saada alijiuliza ni moyo gani huo.

Hata hivyo hakutaka kuondoka bila kujua. Akamwita Melkiori, fundi wa gereji iliyo jirani na stendi, aliyekuwa rafiki wa mumewe. Kwa kuwa alikuwa kwenye eda, hakutoka kuonana naye. Fundi alifanya kazi uani, yeye akakaa nyuma ya pazia, wakazungumza kupitia dirisha.

"Kitasa kizima, shemeji," Melkiori alisema. "Nimekisafisha, nimekipaka grisi. Waya nao mzima."

"Basi ni nini?"

"Ngoja nichomoe betri ya gari, tuone."

Betri ilipochomolewa, buti lilitulia siku kadhaa. Melkiori alirudi akicheka. Akasema yeye hajui mambo ya mizimu, ila mzimu unaotegemea betri ni mzimu wa umeme. Akairudisha betri mahali pake.

"Gari hili lina rimoti. Rimoti ina kitufe cha buti. Iko wapi?"

Saada alipapasa kumbukumbu. Ufunguo ulikuwa kabatini, lakini rimoti ilikuwa kando, haikufungwa na ufunguo. Abdulhamidi alizoea kuitupia mfukoni mwa koti lake zito la baridi, ambalo bitana yake ilichanika zamani na kila kitu kilizama chini kwenye pindo.

Koti. Kwenye arobaini, siku chache kabla buti halijaanza kufunguka, nguo za marehemu zilipogawiwa ndugu, kila moja ilifuliwa na kukung'utwa kwanza, ila hilo. Bi Swaumu alilinyakua mikononi mwa wafuaji. "Halina uchafu," alisema, akalivaa palepale, na tangu hapo akalivaa kila siku. Vikongwe wengi wa huku huvaa makoti ya kiume wakati wa baridi, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa.

Saada alinyanyuka, akaenda chumba cha uani anakolala mama mkwe wake. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Alitaka kupiga hodi, lakini akachungulia kwanza.

Bi Swaumu alikuwa amekaa kwenye mkeka wa kuswalia. Alikuwa amelivua koti, amelikunjakunja na kulipakata kama mtoto mchanga, amelikumbatia kwa nguvu zake zote. Pindo alikuwa amelitia kinywani, analiuma ili sauti isitoke. Mabega yalikuwa yakitetemeka.

Kutoka uani Melkiori alipiga kelele. "Shemeji! Limefunguka! Mimi sijaligusa!"

Saada alirudi nyuma hatua kwa hatua, kanga mdomoni. Alipofika dirishani aliona haya kwa yote aliyoyawaza juu ya bibi yule.

"Nimeshajua, Melkiori."

"Nikate waya wa garini unaopokea hiyo rimoti? Dakika tu, halitafunguka tena."

"Usikate."

"Watu watasema."

"Waache waseme."

Melkiori alikusanya spana zake bila kuelewa. Alipofika getini alimwambia kwamba betri ya rimoti ni ndogo na haitadumu. Saada akampigia Sultani, akamwambia asije. Sultani aliuliza kama lile buti limetengenezwa. Akasema hapana.

Siku hizi likifunguka, anaacha alichoshika, anaenda kulifunga, kisha anapiga hodi chumba cha uani na kukaa naye mkekani. Mara ya kwanza Bi Swaumu alijifuta uso haraka, akasema vumbi limemwingia. Mara ya pili alimsogezea nafasi. Juzi alimgeukia mkwewe.

"Wewe mtoto," aliuliza, "nani huwa anakwambia?"

Saada alivuta upande mmoja wa lile koti, akajifunika bega, na wote wawili wakalia kwa sauti, mpaka majirani wakasikia.