Niandike Tumekubali Nini

Kaka yangu alianguka kutoka juu ya mti akitundika mzinga katika msitu wa Mgori. Kichwa kilitangulia. Wenzake walimtoa msituni kwa mkokoteni wa ng'ombe, kisha akapelekwa hospitali mjini Singida, anapumua lakini hajitambui. Wiki ya kwanza tulisema amezimia. Ilipofika wiki ya tano hatukujua tena tuiite nini hali yake.

Mimi ndiye niliyekaa naye wodini. Hakuwa ameoa, baba yetu alishafariki, na mama alikuwa na mbuzi na shamba la kuangalia. Nilipata pa kulala kwa mama mmoja wa kanisani kwetu, na kila asubuhi nilifika na chupa ya uji. Ulikuwa uji mwembamba wa mtama, nimeuchuja mara mbili kwa kitambaa. Kaka hakuweza kumeza. Walikuwa wamempitishia mpira mwembamba puani mpaka tumboni, nami nilivuta uji kwa bomba la sindano lisilo na sindano na kuusukuma polepole. Sista alinifundisha vizuri: mwinue kichwa, vuta kidogo uone kama mpira uko tumboni, weka uji, malizia na maji ya kuusafisha. Niliutia uji wangu asali ya mizinga yake. Sista aliniambia haipiti ulimini, hawezi kuijua. Niliendelea kuitia.

Kitanda cha jirani alilala mzee wa Kiniramba aliyevunjika mguu, mtani wetu.

"Nyinyi Wanyaturu mna dharau," aliniambia. "Huyu hasemi, hashukuru, anapewa uji wa asali. Mimi nasalimia kila mtu na nakula ugali wa jana."

"Babu, na wewe nikuwekee mpira?"

"Niwekee, lakini uwe wa kupitisha nyama."

Sikuwa mtu wa kuongea na watu, ila huyo mzee alinifanya nicheke. Kisha macho ya kaka yalifunguka, yakanipita kama mtu anayetazama dirisha, na kicheko kikaisha.

Baba yangu mdogo alikuja kila Alhamisi. Yeye ndiye aliyekuwa msemaji wa familia tangu baba afariki. Alisimama miguuni pa kitanda, akashika kidole kimoja cha mguu wa kaka, akauliza, "Bado yuko vilevile?" Hakuuliza anaendeleaje. Nililiona hilo Alhamisi ya kwanza, na baada ya hapo nilikuwa nalisubiri.

Miaka ile wanunuzi binafsi walikuwa wameanza kuingia vijijini. Zamani asali na nta vilipelekwa ushirika. Sasa yeyote mwenye gari alikuja na mapipa yake ya plastiki akanunua mlangoni kwa mtu. Kaka yangu alikuwa na mizinga mingi kuliko vijana wote wa kijiji chetu. Alhamisi moja nilimwona baba mdogo getini pa hospitali akizungumza na mnunuzi mmoja wa asali, ameegemea pikapu yake. Baadaye nilimwona akizungumza na daktari kwenye korido. Nilipokaribia walinyamaza wote wawili.

"Shikamoo baba," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Rudi kwa mgonjwa."

Nilirudi. Tangu siku hiyo sikumwamini.

Kisha mpira ukaziba. Lilikuwa kosa langu. Siku hiyo niliharakisha kuchuja na donge likapita. Sista akautoa. Mara mbili huko nyuma uliziba, na mara zote aliweka mwingine papo hapo. Safari hii alimtundikia dripu tu akaanza kuondoka.

"Sista, mipira imekwisha?"

"Ipo."

"Sasa?"

"Daktari anataka kwanza azungumze na wakubwa wako." Alisema hivyo akiangalia trei yake.

Kesho yake mama na baba mdogo walifika kwa basi la asubuhi. Tuliitwa wote watatu katika chumba kidogo cha daktari, chenye meza moja na benchi. Daktari alikuwa kijana, mtu wa mkoa mwingine. Alimwamkia mama shikamoo, akangoja aitikiwe, ndipo akaanza.

"Mama, ubongo wa kijana umeumia mno. Nimeongea na daktari mkubwa, tumempima tena na tena. Hatakujua tena, hatasema, hatakaa. Tunaweza kurudisha mpira akabaki hivi hivi miezi, labda miaka, akitoka vidonda na kushikwa na vichomi. Au tusiurudishe. Tutamlowesha midomo, tutamgeuza, tutahakikisha haumii, na tumwache aondoke taratibu. Sitaki kuwalazimisha. Mkisema turudishe, tutarudisha."

Mama alijua Kiswahili cha sokoni. Mambo ya ofisini alitafsiriwa. Baba mdogo alimgeukia akasema kwa Kinyaturu, "Shemeji, daktari anasema mtoto amechoka. Anaomba tumpumzishe."

Basi. Maneno yote yale ya daktari yakawa hayo machache. Mama alitazama mikono yake iliyokuwa juu ya kitenge, akajibu, "Apumzike."

"Amekubali," baba mdogo akamwambia daktari, haraka kuliko nilivyopenda.

Kwetu, mtu aliyetoka shambani anapumzika. Ng'ombe aliyefunguliwa jembe anapumzika. Kanisani pia wanasema marehemu amepumzika, lakini hapo jeneza liko mbele ya kila mtu na hakuna wa kukosea. Mle chumbani hapakuwa na jeneza. Nilijiambia mama amekubali mwanawe apewe usingizi mzuri. Nilijiambia baba mdogo amelichagua neno hilo makusudi, na kwamba nyuma ya neno kuna mapipa ya plastiki.

Daktari alifungua faili. Alitaka maneno mawili ya familia yaandikwe. Baba mdogo hakujua kuandika, mama pia. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba, kwa hiyo kalamu ikaja kwangu.

"Andika: sisi familia tumekubali," alisema baba mdogo.

Naandika polepole, hata leo. Niliandika *Sisi*. Niliandika *familia*. Wote walikuwa wakitazama mkono wangu. Nilipofika *tume* nikasimama.

"Niandike tumekubali nini?"

"Andika kama ulivyoambiwa, mama," alisema baba mdogo. Alipokasirika aliniita mama.

"Mama hajaelewa," nikasema. Nilimwambia daktari, maana sikuweza kumtazama baba mdogo. "Ameambiwa kupumzika."

Daktari alimtazama baba mdogo, kisha mimi. "Basi mweleze wewe."

Nilimgeukia mama. Sikuwa nimewahi kusema jambo kubwa mbele ya watu wakubwa, na sauti ilitoka kama ya mtu mwingine. Nikamwambia kwa Kinyaturu, bila kuzungusha: mpira hautarudishwa, hatakula tena, atakufa, na wewe ndiye unayeulizwa kama afe.

Mama alimgeukia daktari. Kisha akasema kwa Kiswahili, ili daktari asikie mwenyewe:

"Hapana. Rudisha."

Daktari hakubisha. Sista akaweka mpira mwingine kabla ya saa sita mchana. Baba mdogo alitoka nje hakurudi wodini, nami nilijiona nimeshinda.

Wiki ile ile tulimchukua kaka nyumbani, na mpira wake, na mwingine wa akiba. Nilimlisha kwa wiki saba. Alitoka kidonda mgongoni nilichoweza kuingiza vidole viwili. Majirani waligawanyika. Wengine walisema tumefanya vema, pumzi si mali yetu. Wengine walikuja, wakasikia harufu, wakasema nje ya mlango lakini kwa sauti ya kusikika kwamba tunamtesa. Baba mdogo alikuja kila siku. Hakunisemesha. Alimshika kaka mabegani, mimi miguuni, tukamgeuza, kisha akaondoka. Nami kila alipoondoka nilijiuliza anatafuta nini.

Kaka alikufa kwa kichomi, akihema kwa siku tatu. Sitayaandika hayo yote.

Mwezi uliofuata baba mdogo alirina mizinga ya kaka. Alileta asali yote kwa mama, ndoo kwa ndoo, akazipanga ukutani. Yule mnunuzi alipokuja, mama ndiye aliyeuza. Hata hapo nilizifunua ndoo moja baada ya nyingine nione kama zimejaa. Zilikuwa zimejaa.

Mama alikuwa akipepeta mtama, akanitazama nikifunua ile ya mwisho.

"Unatafuta nini?"

"Natazama tu."

Akapepeta tena kidogo. "Siku ile kwa daktari," akasema, "unadhani sikuelewa?"

Niligeuka, kifuniko kikiwa mkononi.

"Nilielewa kwenye basi, baba yako mdogo aliponieleza, kabla hatujafika. Mimi ndiye niliyemwambia shemeji: lisemwe hilo neno tu, lingine silitaki. Hilo ningeweza kuliitikia."

"Sasa kwa nini ulikataa?"

"Uliniuliza mbele za watu kama mwanangu afe. Ulitaka mama aitikie nini?"

Aliweka ungo chini, akatoa mawe madogo kwenye mtama, moja moja. Hakuonekana kunikasirikia, na hilo ndilo lililonishinda. Nilirudisha kifuniko cha ndoo, nikakikandamiza pande zote, nikatoka kwenda kumtafuta baba mdogo. Nilimkuta zizini akifunga mlango wa miti. Nilimwamkia. Alichelewa kuitika, nami nilisimama hapo hapo nikingoja.