Profesa Akausha Ukuta

Mtaani kwetu kuna mafundi wa namna mbili: wanaojua kazi, na Profesa. Jina hilo alijipa mwenyewe. Alianza na kupaka rangi, akaiacha kwa madai kwamba ni kazi ya kitoto. Akaingia useremala, na milango yake mitatu mpaka leo haifungiki. Mwishowe akaangukia kwenye saruji na vigae, na huko amedumu miaka kumi na tisa, pengine kwa sababu makosa ya saruji hukawia kuonekana.

Mwaka huu dada yake mkubwa, mjane, alivunjika nyonga. Baada ya upasuaji alihamia kwa binti yake, ambako alikuwa akiogeshwa kama mtoto mchanga huku mkwewe akikohoa koridoni kusubiri zamu ya bafu. Mama huyu alitaka jambo moja tu: arudi nyumbani kwake akaoge peke yake. Daktari alikubali, ila kwa sharti kwamba bafu lake litengenezwe upya na lifungwe chuma cha kushikilia ukutani. Kazi akapewa Profesa, kwa sababu ya udugu na si kwa sababu nyingine yoyote.

Jumatatu alibomoa lipu ya zamani akapiga mpya. Mpaka hapo hakuna wa kumcheka. Lakini asubuhi ya Jumanne akachanganya saruji laini na maji ikawa niru, akaisugua juu ya lipu kwa mwiko mpaka ukuta ukang'aa. Mwanamke muuza vigae alipoleta maboksi, Profesa alimvuta ndani akaone.

"Mama, tazama ukuta. Unajiona?"

"Najiona. Na kigae nacho kitajiona, kisha kiteleze. Nani alikutuma upige niru ukuta wa vigae?"

"Huo ni umaridadi, mama."

"Umaridadi wa kufunikwa? Wewe fundi, fulana ya ndani unaipiga pasi?"

Alimweleza taratibu, kama mtu anayesema na kiziwi: aikwangue niru yote, aichorechore lipu kwa ncha ya mwiko ili gundi ipate pa kung'ang'ania, aache dirisha wazi wiki nne. Kisha abandike kipande cha nailoni ukutani, akizibe kando zote. Siku ya pili akikuta matone nyuma yake, asubiri tena.

"Wiki nne!" Profesa alicheka. "Mimi ukuta naukausha kwa siku moja."

Na kweli akaukausha, kwa maarifa yake. Jumatano aliingiza bafuni majiko mawili ya mkaa, akafunga dirisha na mlango ili joto lisitoroke. Mvuke nao haukuwa na pa kutorokea. Ulipanda darini ukashuka tena ukutani kwa michirizi. Profesa alikuwa akiingia kuifuta kwa taulo, na mara ya tatu alitoka akiyumba, kichwa kikimgonga, akasema ni uchovu wa kufikiri sana. Jioni ukuta ulikuwa mkavu kwa kuugusa, na umejaa nyufa nyembamba kama nywele. Nyufa hizo aliziita matundu ya kupumulia.

Alhamisi akabandika vigae. Ijumaa akafunga chuma. Jumamosi dada yake akaja kwa magongo yake, amebeba taulo begani, akaingia bafuni akashika chuma ili avuke kizingiti.

Chuma kilimfuata, na vigae vinne nyuma yake. Kama mkono wake wa pili usingekuwa kwenye fremu ya mlango, nyonga ingevunjika tena. Pale vigae vilipotoka, lipu ilikuwa nyeusi kwa maji.

"Dada, umevuta kwa nguvu mno," alisema Profesa.

"Nimeshika, mdogo wangu. Chuma cha kushikilia hushikwa."

Alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akapumua, kisha akampigia binti yake simu amwambie anarudi, na muuza vigae amuulize ukuta unatakaje. Machozi yalimlenga, akayafuta haraka kwa taulo. Akamgeukia ndugu yake.

"Bandua vyote. Kwangua. Piga mistari. Halafu usiguse kitu. Kila asubuhi utanipigia uniambie nailoni inasema nini. Vigae atabandika mwingine."

"Dada, na jina langu mtaani?"

"Lipi?"

Nailoni ilitoa matone siku thelathini na moja. Siku mbili zilizofuata ilikuwa kavu kabisa, na muuza vigae akamleta fundi wake. Muda wote huo Profesa alichofanya ni kuacha dirisha wazi na kupiga simu, nayo ndiyo kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya.

Siku ya kuoga, mama aliingia peke yake akasukuma komeo. Maji yalisikika muda mrefu. Profesa, aliyekuwa akiwasimulia majirani jinsi alivyoukausha ule ukuta, alisogea akabisha.

"Dada, uko salama?"

"Ondoka mlangoni," ilijibu sauti, na maji yakaendelea.