Ramani Iliyokubaliwa na Kila Mtu

Saa mbili asubuhi, karani wa kamati ya ardhi ya kijiji anaizunguka meza ya ofisi kwa mara ya nne. Juu yake imetandazwa ramani ya matumizi ya ardhi, imegandamizwa kwa mawe mawili na kikombe cha chai. Anainamisha shingo kushoto, kisha kulia. Anaketi. Anainuka tena.

"Juzi nilikuwa naielewa," anasema.

Wanakijiji humwita Mama Kalamu, maana miaka tisa sasa hajaonekana bila kalamu nyuma ya sikio. Kazi yake ni kuwakalisha wakulima na wafugaji hadi wakubaliane nani atumie wapi.

Barabara inakigawa kijiji katikati, na kila upande una kijito. Cha juu hukauka kiangazi. Cha chini hakikauki, na ndicho wanachokigombania. Mwaka jana ng'ombe thelathini waliingia kwenye maharage huko, na mtu mmoja akakatwa panga mkononi.

Maafikiano yamechukua miezi minane na vikao kumi na kimoja. Katika kikao cha mwisho, ramani ilitandikwa sakafuni darasani, wakulima wakakaa upande huu, wafugaji upande ule. Haina maandishi wala alama ya juu na chini, ili wasiojua kusoma wasiachwe nyuma: kijani ni mashamba, njano ni malisho. Robo saa tu, wakakubaliana. Watu sitini na wanne wakatia sahihi au dole gumba. Mama Kalamu alilia kwa furaha mbele ya watu, wala hakuona haya.

Jumapili, mama yake mzazi, ambaye ni mkulima, alimshukuru kwa kuwaachia kijito cha chini. Kabla ya adhuhuri akaja shemeji yake, mfugaji, na chupa ya maziwa, akamshukuru kwa jambo lilelile.

Hapo ndipo kichwa kilipoanza kumzunguka. Pale darasani, kila upande ulidhani kijito kilichochorwa karibu na magoti yao ndicho cha chini. Alipoulizwa yeye mwenyewe alikusudia kipi kiwe cha chini, alicheka kidogo, cheko la mtu aliyechoka.

"Ndugu yangu, nilikuwa nazunguka. Kijani nilipaka nikiwa nimekaa na wakulima, njano nikiwa na wafugaji. Sasa hata mimi sijui."

Mwandishi wa makala haya naye aliizunguka meza ile, akatoka kapa.

Ijumaa ofisa ardhi anakuja kugonga muhuri. Karani akinyamaza, kiangazi mapanga yatatoka tena, na safari hii ni mama yake na shemeji yake watakaokutana kijitoni. Akisema, miezi minane imekwenda na maji. Mwenyekiti amemshauri asimwamshe aliyelala. Mama amemhakikishia ramani iko sawa. Shemeji naye kasema iko sawa.

"Wote wameridhika," anasema. "Hilo ndilo linalonitisha."

Amepanga kuwaita wote Alhamisi kwenye kijito cha chini chenyewe, bila karatasi.

"Nitawaambia kosa ni langu, niliwakalisha vibaya. Wakitaka kunifukuza, wanifukuze. Ila safari hii wakae upande mmoja."