Kufuli Niliyoifunga Siku ya Senene

Jamani, kuna aibu mtu huzikwa nayo, lakini yangu ilionwa na kijiji kizima cha Kishanda pamoja na mgeni kutoka Dar es Salaam, kwa hiyo hata nikiificha haisaidii, bora niwasimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa mtu wa kuongeza chumvi (ingawa hii haihitaji chumvi).

Miaka ile ya mwanzo ya tisini nilikuwa mwandaaji wa masomo katika ofisi moja pale Bukoba mjini. Maradhi yalikuwa yamepita vijijini Muleba yakachukua akina baba na akina mama, yakabakiza mabibi na watoto. Vijana wengi waliachiwa kibanja, yaani lile shamba la migomba linaloizunguka nyumba, lakini yule aliyepaswa kuwafundisha kulitunza keshazikwa humohumo shambani. Kazi yetu ilikuwa kuandaa masomo ya kuwafundisha vijana hao, kuyajaribu Kishanda, na yakifaa wafadhili wayachapishe yaende vijiji vingine. Yasipofaa, ndiyo basi.

Sasa mimi nilikuwa nimetoka kwenye semina ya usimamizi wa miradi, na mnatujua sisi Wahaya na usomi wetu, ukimpa nshomile, yaani msomi wa kwetu, neno moja jipya atalivaa mpaka lichakae. Nikabandika chati kubwa ukutani, kila somo nikalikata vipande: nani ataandika, nani atachora, nani atajaribu, na kipi kisianze mpaka kipi kiishe. Sisemi uongo, ilisaidia sana, kazi iliyokuwa ikijikokota ikaanza kutembea. Ikabaki sehemu moja tu ya kujaza, ile ya mambo yanayoweza kuvuruga kazi. Tukaandika mvua, tukaandika gari kuharibika, tukaandika msiba (msiba tuliutengea siku zake kabisa, maana miaka ile ungekuwa mwendawazimu usipoutengea).

Ndipo Ta Kamugisha (kwetu Ta ni bwana, Ma ni mama), mchoraji wetu wa picha, mtu mpole asiyependa makuu, akauliza, "Na senene je? Wiki uliyoipanga si iko Novemba?"

(Kwa msiotoka kwetu: senene ni wadudu jamii ya panzi, hushuka kwa makundi baada ya mvua, wakikaangwa hakuna nyama inayowafikia, na wakishuka kila mtu huacha alichoshika.)

Nikamwambia, "Ta Kamugisha, hii chati itasomwa na mgeni wa wafadhili. Unataka asome kwamba mradi wetu unaogopa panzi?"

"Si panzi, Ma Adela. Ni senene."

"Hawaandikwi."

Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu wa semina, nikafunga kalamu, na hapo ndipo nilipojimaliza.

Tukaenda Kishanda, tukapewa darasa moja la shule ya msingi. Kati ya wanafunzi wetu alikuwemo Kokushubira, sote tulimwita Koku, binti wa miaka kumi na sita aliyekuwa akilea wadogo zake wawili tangu mama yao amfuate baba yao. Baba yake mdogo, Ta Rwiza, alikuwa ameshasema mbele ya watu kwamba kibanja cha marehemu kinaota magugu, kwamba msichana hawezi migomba, na kwamba masomo hayo yakiisha bila yeye kuona mabadiliko atakichukua, na watoto watagawanywa kwa ndugu, huyu Nshamba, huyu Bukoba, huyu kwingine. Koku aliniambia hayo siku ya kwanza huku akitazama chini, akamalizia, "Ma, mimi naweza kukaa popote. Hawa wadogo hawajawahi kulala mbalimbali."

Siku ile ya kwanza tukawafundisha kupunguza machipukizi, kwamba kwenye shina moja unaacha mama, mtoto na mjukuu, wengine unawaondoa ili hao watatu washibe. Nikawapa kazi ya kufanya nyumbani. Lakini vijana walikuwa wamechelewa kufika asubuhi, chati yangu ikapinda, nami sikulala vizuri. Nikapitia dukani Nshamba, nikanunua kufuli.

Siku ya pili ndiyo ya wageni. Alikuja mama mmoja wa makamo kutoka Dar kwa niaba ya wafadhili, akaja bosi wangu wa Bukoba na suti yake, akaja mwenyekiti wa kijiji, na Ta Rwiza akakaa nyuma kabisa amekunja mikono. Nami nilikuwa nimevaa sketi ya kubana niliyoshonesha kwa ajili ya siku hiyo (fundi aliniambia niongeze kitambaa, nikamwambia afuate vipimo). Walipotimia wote nikaufunga mlango kwa ndani, nikatia kufuli ili pasiwe na kuingia na kutoka, ufunguo nikautumbukiza kifuani, nikaanza somo.

Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na wingu lilikuwa zito. Niko kwenye picha ya pili ya Ta Kamugisha, nasikia huko nje mtoto anapiga kelele, "Senene! Senene wameangukaaa!"

Darasa zima likanitazama, nami nikasema, "Tuendelee." Nikanyoosha fimbo kwenye picha, na senene mmoja akaingia dirishani akatua kwenye ncha ya ile fimbo, kijani kibichi, ananiangalia. Kijana mmoja akaruka dirishani. Halafu wawili. Halafu sikuona tena vijana, niliona visigino tu, na Koku naye akapita, na mwenyekiti wa kijiji, mtu mzima na heshima zake, akakanyaga dawati akapita na kofia yake mkononi!

Bosi wangu akainuka taratibu. "Mwalimu, ufunguo."

Nikaingiza mkono kifuani, hamna. Ulikuwa umeteremka, na sketi ile ilivyobana ulikuwa umekwama mahali ambapo siwezi kupataja hapa wala singeweza kupafikia mbele ya bosi. Nikajipapasa, nikageukia ubao, nikajipapasa tena, mama wa Dar akawa anatazama dari kwa adabu. Nikaona bora nitokee dirishani nikauchukulie nje. Nikatanguliza kichwa na mabega, vikapita. Makalio yakakataa. Nikajisukuma, sketi ikapasuka kuanzia pindo mpaka kiunoni, na mlio wake ukasikika mpaka walikokuwa wakikamata senene, maana wote waligeuka.

Nikabaki hapo, nusu yangu Kishanda, nusu yangu na wageni wa heshima, senene wananigonga usoni, wanakijiji wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Nililia, nawaambia kweli. Sikulia kwa ajili ya sketi, nililia kwa sababu niliona masomo yamekufa na wale watoto watagawanywa.

Aliyekuja kunivuta ni Koku. Akavua kanga yake ya juu, akanifunga kiunoni kabla hata sijakanyaga chini, akasema, "Pole, Ma. Twende kwangu ukae." Nikatikisa miguu, ufunguo ukaanguka kwenye nyasi, Koku akauingiza dirishani, wageni wakafungua kufuli, na mama wa Dar akauliza kama na yeye anaweza kuja. Bosi hakuuliza, alikuwa ameshavua koti la suti anakusanyia senene. Ta Rwiza na mwenyekiti wakatufuata nyuma.

Kwa Koku tulikuta mambo ambayo chati yangu isingeweza kuyaonyesha. Kibanja kilikuwa kimesafishwa, na kila shina limebaki na mama, mtoto na mjukuu, nyasi zimetandazwa chini. Alikuwa amefanya kazi ile jioni yote na wadogo zake. Mama wa Dar akamuuliza kwa nini ameacha yale matatu, naye Koku akaeleza huku anachomoa mabawa na miguu ya senene, kwa utulivu, bila kubabaika. Ta Rwiza alisimama kando, kisha akapita mgomba hadi mgomba akikagua.

Koku akakaanga senene, akawaweka kwenye jani la mgomba, akapiga magoti akaanza na baba yake mdogo. Akala, akaongeza. Bibi mmoja jirani aliyekuwa akitazama akapaza sauti, "Ta Rwiza! Umekula senene wa binti, nguo iko wapi?" Kwa maana kwetu mwanamke akikukaangia senene ukala, humwachi mikono mitupu, unamvisha. Watu wakaguna, wengine wakacheka.

Ta Rwiza akajifuta mdomo. Macho yake yalikuwa mekundu. "Nguo sina," akasema. "Kibanja cha kaka yangu nimemwachia binti yake, na hawa wadogo wabaki hapahapa. Mwenyekiti umesikia."

"Nimesikia," akasema mwenyekiti, mdomo umejaa.

Masomo yetu yalichapishwa. Sijaacha kupanga kazi kwa chati, ila niliapa siku ile kwamba sitaona haya tena kuandika maisha yetu yalivyo, eti kwa kuogopa kuchekwa na mgeni (na mlango wa darasa siufungi, hata kwa kitasa). Kishanda wananiita Ma Dirisha mpaka leo, nami naitika. Nawashukuru wale wadudu, namshukuru fundi asiyesikilizwa, na zaidi ya wote namshukuru Koku. Jioni ile, kabla gari halijaondoka, nilichungulia chumbani kwao: wadogo zake wamelala mkeka mmoja, wameshiba, mguu wa mmoja uko juu ya tumbo la mwenzake.