Maini ya Dada

Ng'ombe wetu alipenda kulamba udongo wa nyuma ya kibanda cha betri, na sisi tukafurahi. Kibanda hicho kiko nje kidogo ya Kemondo. Wanavunja betri chakavu za magari na kuyeyusha risasi iliyomo, wavuvi wapate vizito vya nyavu. Baba aliuonja udongo kwa ncha ya ulimi, akatangaza una chumvi. Kwetu ng'ombe anafugwa kwa ajili ya migomba. Akipata chumvi anakula vizuri, na samadi haikosekani. Basi Baba akawa anambebea udongo kwa ndoo hadi zizini. Mungu atuhurumie, sumu tulimpelekea wenyewe.

Ng'ombe alianza kugongagonga ukuta kwa kichwa, kisha akapofuka. Baba, kwa kuwa nyamafu hailiwi, akawahi na kisu. Majirani walipata mafungu yao.

Dada yangu alikuwa nyumbani, mjamzito, na kliniki walishamwambia damu yake ni ndogo, ale maini. Baba akamtengea maini yote na figo. Nilipojaribu kumega kipande alinichapa mkono kwa mwiko.

"Acha! Haya ni ya dada yako. Wewe damu unayo ya kuuza."

Tulicheka. Dada alikula na ebitoke, ndizi zetu za kupika, mpaka sufuria ikabaki nyeupe.

Bwana mifugo alifika nyama imekwisha, Baba anawamba ngozi. Akauliza ng'ombe aliumwaje, akachungulia ile ndoo, akauliza udongo ulitoka wapi.

"Mzee, waitu, hii si chumvi. Ni risasi, na inajikusanya kwenye maini na figo. Maini amekula nani?"

Tukageuka sote. Dada alikuwa kizingitini, anamenya ndizi.

Mtoto alizaliwa, akalia, tukashukuru. Leo wenzake wanaimba kanisani. Yeye hajatamka hata neno moja. Daktari anasema huenda ni risasi, huenda siyo. Hilo "huenda" nalichukia kama ninavyokichukia kile kibanda, ambacho bado kinafuka moshi.

Baba ameacha kufuga. Kila jioni anampakata mjukuu wake na kumbembeleza kwa Kihaya aseme "baba": "Sema tata, bojo. Sema tata."

Mtoto anamtazama, kisha anafungua mdomo, akidhani analishwa.