Pipa la Maji Kando ya Mashine

Niliporudi Koboko kutoka ukimbizini Sudani, walionicheka walikuwa wengi kuliko walionisalimu. "Mtoto ya askari atasoma nini?" walikuwa wamesema. Nilisoma. Nilirudi na diploma, na katika kazi yote ya barabara ya Arua ni mimi peke yangu niliyeweza kuendesha mashine ya nyutroni.

Mashine hiyo hupima maji ndani ya murram, udongo mwekundu wa kujengea barabara. Hurusha nyutroni, chembe ndogo zenye kasi kubwa. Zikigonga kiini cha atomu ya chuma hudunda bila kupungua kasi, kama gololi iliyogonga jiwe. Zikigonga haidrojeni iliyomo majini, ambayo kiini chake kina uzito karibu sawa na wa nyutroni, hupoteza mwendo, yaani hupoa. Mashine huhesabu hizo zilizopoa: zikiwa nyingi, maji ni mengi. Lakini kila asubuhi lazima kwanza uipime juu ya kipande chake cha plastiki, upate namba ya kulinganishia siku nzima.

Siku tatu mfululizo ilisema murram ni kavu. Lori likamwaga maji, mtambo wa kushindilia ukazama kwenye tope. Mnyapara, mzee asiyejua kusoma, akafinya udongo kiganjani.

"Bwana Diploma, hii iko na maji tele. Mashine yako iko na kiu?"

Vibarua wakacheka mpaka wakakaa chini. Injinia hakucheka. "Kesho ukikosea tena, unarudi Koboko na sanduku lako."

Kesho yake, kama kila asubuhi, niliipima mashine juu ya plastiki yake barazani kwa mama aliyenipangisha chumba karibu na kazi. Namba ilikuwa imeshuka ghafla kuliko siku zile tatu. Nikarudia mara tatu, ile ile. Kwa hasira nikapiga teke pipa lililokuwa kando yangu. Likalia tupu.

"Pole, mwanangu," mama akasema. "Bomba imeharibika. Leo utatia udhu na nini?"

Kumbe kila alfajiri alikuwa akilijaza kwa heshima ya mgeni. Maji yake yalipoza nyutroni, namba ya asubuhi ikapanda, na murram ikilinganishwa nayo ikaonekana kavu. Na mimi, wa kwanza darasani, nilikuwa nimefundishwa kuweka mashine mbali na maji!

Siku hiyo vipimo vilikuwa sawa, barabara ikashikamana. Nilimweleza injinia kila kitu. Kazi haikunitoka, lakini aliamuru nisiandike namba yoyote kabla mzee hajafinya udongo. Niliandika hivyo hadi barabara ilipofika Arua, kila mara nikimsubiri mzee afinye, kisha anawe mikono.