Kiuno cha Boga la Cornelia

Cornelia akikupima gauni hakuulizi unataka likubane au lisikubane. Anakuzungushia futi kiunoni, anaandika, anakwambia urudi Alhamisi. Unarudi, na gauni linakukaa kwa nafasi kiasi kwamba hata ukila sahani mbili za pilau ya Krismasi hutafungua kifungo. Nimemlalamikia miaka ishirini na miwili. "Rozina," hunijibu, "nguo ya kubana ni ya kuonyeshea watu. Ya kwangu ni ya kuvaa." Hatujaelewana hadi leo, na bado ni rafiki yangu, na nyumba zetu hapa Pito zinatenganishwa na ua wa michongoma tu.

Kwao ni bondeni, Milepa, kwenye joto na mpunga. Masista walimfundisha cherehani akiwa msichana, na ndoa ikamleta huku juu kwenye baridi, kwa Oswaldi, fundi mwashi, akamzalia Evaristi. Oswaldi ni mtu wa maneno machache. Mkewe amechukua fungu lake la maneno na la mumewe pia, na sijawahi kumsikia Oswaldi akidai arudishiwe.

Jambo moja mlijue kuhusu Cornelia: huandika. Kuku akianza kuatamia, anaandika tarehe. Mvua ya kwanza, anaandika. Mwaka juzi aliandika siku ambazo mimi nilichelewa mazoezi ya kwaya, akanisomea zote mbele ya wenzangu, nikakaa wiki mbili bila kumsalimia.

Basi msimu huu mpwa wake Evans, anayeuza kwenye duka la pembejeo mjini Sumbawanga, akamletea mbegu tano za maboga makubwa, na jedwali kwenye karatasi: boga likiwa na mzunguko kadha, uzito wake ni takriban kilo kadha. Sisi Jumapili ya malimbuko, baada ya Pasaka, hushindanisha maboga kanisani. Mshindi wa miaka mitatu mfululizo alikuwa Teodori, mwalimu wetu wa kwaya, na boga lake kubwa kuliko yote lilikuwa la kilo arobaini na moja. Cornelia akasimama katikati ya mazoezi, soprano wote wakimsikia, akasema lake litafika themanini.

Teodori alicheka mpaka akafuta macho. "Mama Evaristi, likifika themanini, kwaya nzima tutakuja kukulimia ntumba ekari moja. Lisipofika, unatushonea sare. Watu ishirini na sita, bure."

"Andika," akasema Cornelia.

Ntumba, kwa asiyezijua, ni yale matuta yetu ya duara. Unafyeka nyasi, unazilundika, unazifunika kwa udongo, zinaozea humo na kuwa mbolea. Kuzilima ni kazi ya kuvunja mgongo. Kwa hiyo toka siku ile watu ishirini na watano walikuwa wanaomba boga la mwenzao lisikue. Na mimi nilikuwemo. Sare zetu za zamani zilikuwa zimepauka, yangu ilikuwa na kiraka kwapani, na jembe silipendi. Sioni sababu ya kudanganya.

Mbegu alizipanda juu ya ntumba ya mwaka uliopita, iliyooza vizuri. Zikaota tatu, akabakiza shina moja. Ua jike lilipofunguka wiki ya mwisho ya Januari, akalipaka mwenyewe chavua ya ua dume alfajiri, nyuki hawajaamka. Boga likashika. Toka asubuhi ile, akishamaliza sala, alikuwa anatoka na futi yake ya cherehani, ile ndefu ya mita tatu, shingoni na daftari mkononi, anapiga magoti kwenye umande na kulipima. Kwenye daftari aliandika "kiuno", kama anavyoandikia wateja.

Siku ya kumi, kiuno thelathini na moja. Siku ya ishirini, sabini na mbili. Kisha likashikwa na wazimu: leo limeongeza sentimita tano, kesho tano na nusu, keshokutwa sita. Wiki ile Cornelia hakushona kitu cha maana. Alichukua karatasi ile ya kaki anayokatia mitindo, akaibandika ukutani, na kila siku akatia nukta, akaunganisha nukta kwa chaki ya kushonea. Mstari ulipanda kama barabara ya kutoka bondeni kuja huku juu, halafu taratibu ukaanza kulala.

"Mstari umechoka," nikamwambia kwa furaha niliyoshindwa kuificha.

"Haujachoka. Boga lina utoto, lina ujana, lina utu uzima. Sasa linaongeza nne, keshokutwa litaongeza tatu, mwisho nusu. Nimeshapiga hesabu. Jumapili ya malimbuko kiuno kitakuwa mia mbili na tano. Soma jedwali la Evans hapo."

Nikasoma. Kilo themanini na sita. Nikarudi nyumbani nikatazama jembe langu.

Wazee wa mtaa hawakupendezwa. Huku kwetu boga changa halinyooshewi kidole. Ukitaka kumwonyesha mwenzako unakunja ngumi, maana kidole hulifanya lioze. Cornelia alikuwa analizungushia futi kila siku ya Mungu. Wakamwambia huko ni kunyoosha kidole kwa njia ya kuzunguka. Yeye akawajibu kuwa futi haina kucha. Lakini nilimwona mwenyewe, mgeni akija kulitazama, alikuwa anamwonyesha kwa ngumi. Tena alimkataza Oswaldi hata kusimama karibu nalo na mikono nje ya mifuko.

Zikiwa zimebaki siku kumi tu, Alhamisi, akapigiwa simu kuwa shangazi yake amefariki Milepa. Asubuhi ile alikuwa ameshapima: mia moja tisini na nane. Akafunga kanga mbili kwenye mfuko, akamwita mumewe, akampa futi kama padri anavyokabidhi funguo za kanisa.

"Kila asubuhi. Pale pale kwenye alama ya chaki. Unaniandikia, unanipigia."

"Sawa," akasema Oswaldi.

Ijumaa mchana nilikuwa uani kwao, nimekuja kuazima chujio, nikamkuta Oswaldi amesimama na simu mkononi, sauti imefunguliwa. Masikio yake ni ya mtu aliyekaa na nyundo maisha yote.

"Mia tisini na sita," alikuwa anasema.

"Sita? Jana ilikuwa nane. Umepima vibaya. Rudia."

Akaenda, akarudi. "Mia tisini na tano na nusu."

Upande wa pili zilisikika sauti za watu wa msibani. Evans alikuwa amemweleza Cornelia mambo mawili. Boga likisimama, usiogope, limezeeka tu. Lakini likirudi nyuma, ndani kuna uozo, na ukichelewa siku mbili litapasuka na kunuka. Na kanisani kwetu boga bovu halipandi mizani. Wazee huligonga na kulinusa kwanza.

"Umelinyooshea kidole," akasema Cornelia.

"Sikulinyooshea."

"Umelinyooshea. Siku sitini na kitu nimelilea, umekaa nalo siku moja limeanza kuoza. Wewe mwanamume nikupe nini usikiharibu?"

Hayo yote kwa sauti ya kusikika msibani kote na kwetu mpaka barabarani, ambako mama wawili wenye ndoo walisimama kusikiliza vizuri. Ulimi hauna mfupa, lakini siku ile ule wa Cornelia ulichapa. Oswaldi alitazama viatu vyake.

"Likate," akasema Cornelia. Sasa alikuwa analia. "Likate leo leo. Kilo sabini na tano zitakuwepo. Heri niwashonee sare kwa boga zima kuliko kulipeleka kanisani linanuka. Likate, Baba Evaristi."

Simu ikakatika. Oswaldi akaingia ndani akatoka na panga. Nikamfuata, maana ni nani angerudi nyumbani na chujio wakati ule? Boga lilikuwa limekaa kwenye ntumba yake, la rangi ya chungwa, kubwa kama ndama aliyelala. Oswaldi akaliinamia, akalinusa. Akaligonga kwa ngumi. Likatoa sauti nzuri ya kujaa.

"Shemeji, hili halijaoza," akasema.

"Sasa?"

"Sijui. Ngoja nipime mara ya mwisho, ili akiniuliza nimwambie."

Akaweka panga chini, akalizungushia futi. Aliivuta. Aliivuta kama anavyovuta uzi wa kunyooshea ukuta, mpaka ikalia, mpaka ikaingia kidogo kwenye ganda. Na mimi nikaona. Nilikuwa nimesimama mbele ya futi ile miaka ishirini na miwili, nimeinua mikono, nikisikia vidole viwili vya Cornelia vikiwa katikati ya futi na tumbo langu. Huviweka siku zote. Ndiyo maana sijawahi kuwa na gauni la kunibana.

Nikanyamaza. Nasema ukweli, nilinyamaza. Nilifikiria sare mpya, ya kitambaa kile cha buluu tulichokiona mjini. Nilifikiria ekari moja ya ntumba. Sikuwa na haja ya kutenda dhambi yoyote. Nilitakiwa tu kuchukua chujio langu na kwenda. Oswaldi akaokota panga, akashika kikonyo, akakiachia, akakishika tena. Mtu huyu hujenga kuta juu ya jukwaa la miti miwili, na sijawahi kumwona akisita.

"Shemeji," nikasema, "weka panga. Pima tena, ila tia vidole viwili ndani ya futi. Usivute."

Akanitazama kama aliyesikia Kilatini. Lakini akafanya. Futi ikasoma mia moja tisini na tisa.

Jana tisini na nane, leo tisini na tisa. Limeongeza moja, kama mstari wa ukutani ulivyokuwa umesema litaongeza. Tulikaa chini kwenye majani wote wawili, tukacheka mpaka wale mama wa ndoo wakaja kutuchungulia.

Nikampigia Cornelia mimi. Nikamweleza.

"Vidole gani?" akauliza.

"Vyako. Unavyotupimia."

"Mimi sitii vidole."

"Unatia, Cornelia. Waulize wateja wako wote."

Kisha akasema, "Basi msilikate," na kukata simu. Kuhusu Oswaldi hakusema neno. Aliporudi Jumatatu alisalimia, akapima, akaandika, akapika. Siku zote zilizobaki nilisubiri amwombe radhi mumewe, nikiwa ua wa pili na masikio wazi, na sikusikia kitu. Ila alimwachia futi. Kila asubuhi sasa walitoka wawili, yeye akipima kwa vidole, Oswaldi akipima kwa kuvuta, na daftari likawa na safu mbili: "yangu" na "yake".

Jumapili ya malimbuko safu ya Cornelia ilisoma mia mbili na tano, na ya Oswaldi mia mbili na mbili. Kwenye jedwali la Evans, ya kwanza ilikuwa kilo themanini na sita, ya pili themanini na mbili.

Wanaume wanne walilibeba kwa turubai mpaka uwanja wa kanisa. Wazee wakaligonga, wakalinusa, wakaridhika. Boga la Teodori lilikuwa limepimwa kwanza, kilo thelathini na nane, na limekaa pembeni kama kitoto. Kanisa zima lilikuwa limetoka nje. Kwaya tulisimama mstari mmoja na sare zetu zilizopauka. Boga likawekwa juu ya mizani ya mahindi, na Teodori mwenyewe akasogeza jiwe la mizani, akarudisha kidogo, akasogeza tena.

"Themanini na mbili," akasema.

Hakuna aliyepiga kigelegele. Cornelia alikuwa amevaa gauni jipya, mikono ameshaiinua nusu, anangoja kelele zije azipokee. Hazikuja. Waliotaka sare walikuwa wanatazama chini, wanafikiria jembe. Waliosema boga litaoza walikuwa wanatazama pembeni. Nilimwona akipitisha macho kwetu sisi wa kwaya, mmoja baada ya mmoja, watu aliowashonea nguo za ubatizo na za harusi, na nikaona anaelewa kuwa miezi yote hiyo hapakuwa na mtu aliyemtakia heri.

Ndipo makofi yakaanza, ya mtu mmoja, mazito, ya viganja vyenye saruji. Oswaldi alikuwa amesimama nyuma kabisa, karibu na baiskeli, anapiga makofi peke yake na hakuonekana kujali kuwa yuko peke yake.

Cornelia akapita katikati ya watu mpaka alipo.

"Baba Evaristi," akasema, na alisema kwa sauti ile ile ya simu, ya kusikika barabarani. "Hukulinyooshea kidole. Nilikutukana mbele za watu, nakuomba radhi mbele za watu. Na kipimo chako ndicho kilichokuwa sahihi."

Oswaldi hakujua afanye nini na mikono yake, akaendelea kupiga makofi polepole, huku machozi yanamtoka. Nami nikaanza kupiga, kisha Teodori, kisha wote. Nilikuwa wa pili. Ningeweza kuwa wa kwanza, nilikuwa nimesimama karibu na Cornelia kuliko mtu yeyote, na jambo hilo linaniuma kuliko mgongo ulivyoniuma Jumatatu, tulipoanza kulima ekari yake.